Siku sita Clare na bendi isiyohitaji umeme

Nimerudi Liverpool wiki mbili sasa, na ndiyo kwanza napata nafasi ya kupanga picha na vijinoti nilivyokuwa nachapa usiku kwenye simu, nimejinyoosha juu ya sofa la watu. Picha karibu zote ni za miguu. Sababu mtaiona mbele.

Mimi ni mtu wa Paje, Unguja, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea hapa mjini. Mwenzangu wa zamu, dada mmoja ambaye wazee wake walihamia kutoka Ireland, anapiga fidla kwenye bendi ya watu wanne: fidla, filimbi ya mti, busuki (chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu), na bodhrán (sema "bauroni"), ambayo ni ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi. Hawana spika, hawana maikrofoni, hawana hata futi moja ya waya. Siku moja alinikuta naosha vikombe huku mguu wangu unafuata kipande alichokuwa akikisikiliza. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kipande sikijui, ila hesabu yake naijua: ni sita, kama chakacha. Nikamwambia pia kwamba ujanani nilipiga fidla ya taarab mjini Unguja miaka sita, kisha maisha yakanileta huku na fidla ikabaki kwa shemeji. Alinyamaza kidogo, halafu akasema mwezi wa saba wanakwenda Clare, jimbo la magharibi ya Ireland, na kwenye gari kuna kiti kimoja kitupu.

La viza kwanza, maana najua ndilo mtakaloniuliza. Bado natumia pasipoti ya Tanzania, na kwa kuwa kwetu hakuna uraia pacha, sina haraka ya kuiacha. Kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Jamhuri ya Ireland. Ule utaratibu wa watu kupita huku na huku bila kizuizi ni wa raia wa nchi hizo mbili. Sisi wengine tunaomba viza. Nililipa euro 60 ya kuingia mara moja, niliomba miezi miwili kabla, na pasipoti ilirudi siku nne kabla ya safari nikiwa nimeshakata tamaa. Omba mapema, tena mapema kweli.

Ijumaa usiku: Liverpool hadi Holyhead

Tuliondoka saa tatu usiku. Watu watano, masanduku ya vyombo, na begi moja la nguo kwa kila mtu, kwa amri ya mpiga busuki ambaye ndiye dereva na ndiye mwenye kibasi. Pwani ya Wales gizani huoni kitu, nililala. Tulifika Holyhead, bandari ya feri za kwenda Dublin, mapema mno kwa feri ya saa nane na robo usiku, na wala haikusaidia, maana upepo ulikuwa mkali na safari ikasogezwa hadi karibu saa kumi na moja alfajiri.

Tukakaa kwenye foleni ya magari, vioo vimejaa ukungu. Dereva wa lori la mbele yetu akashuka, akagonga kioo, akatukabidhi chupa yake ya chai nzima nzima. Alisema yeye ameshakunywa ya kumtosha, chupa tumrudishie ndani. Ndani tukamtafuta feri nzima bila kumwona, mpaka tukaambiwa madereva wa malori wana ukumbi wao, abiria wa kawaida hawaingii. Tuliiacha chupa kwa mhudumu wa mlangoni. Ndugu yangu wa lori, kama chupa haikukufikia, si sisi.

Mkipita njia hii, shukeni garini na kila mtakachohitaji, maana chini hufungwa mpaka feri ifike, na baridi ya kule ni ya kuharibu vyombo vya mbao. Mgawo wangu wa feri, kwenda na kurudi, ulikuwa pauni 74.

Jumamosi: Dublin hadi Ennistymon

Bandarini Dublin afisa alichungulia dirishani akaniuliza nakwenda Clare kufanya nini. Nikasema kusikiliza muziki. Muziki wa nani? Nikawaonyesha wenzangu. Aliwatazama mmoja mmoja, wamevimba macho kwa usingizi, akanipa pole, akagonga muhuri.

Barabara ya mzunguko ya Dublin, M50, ina ushuru lakini haina kibanda cha kulipia. Kamera inasoma namba ya gari, na wewe unatakiwa ulipe mtandaoni au dukani kabla ya saa mbili usiku ya siku ya pili. Ukisahau, deni linakua. Halafu kumbukeni mabango ya spidi kule ni kilomita. Gari la Uingereza linahesabu maili. Mpiga busuki alikuwa amebandika kikaratasi cha hesabu juu ya usukani.

Tulisimama Moneygall, kijiji kidogo kando ya barabara kuu ya kwenda Limerick, na hapo nikacheka peke yangu. Kituo kikubwa cha mafuta na chakula, na jina lake ni la Barack Obama. Babu mmoja wa upande wa mama yake, Falmouth Kearney, alitoka kijiji hiki kwenda Marekani mwaka 1850, na Obama mwenyewe alikuja kunywa nao mwaka 2011. Nilimpigia picha ya bango rafiki yangu Mjaluo anayeishi Leeds. Alinijibu kwa sauti ya dakika tatu ambayo siwezi kuiandika hapa. Viazi na samaki, euro 13. Samaki alikuwa mkavu.

Nyumba tuliyofikia ni ya shangazi wa mpiga filimbi, nje kidogo ya Ennistymon. Wiki hii ya Julai huwezi kupata chumba Clare ya magharibi kama hukupanga tangu baridi, na shangazi alitupokea bure. Mimi sofa. Tulichanga euro 40 kila mtu ya chakula, akaziweka kwenye kopo na hakuligusa wiki nzima. Tulipoondoka tukalikuta kwenye kibasi.

Usiku huo bendi ilipiga kwenye ukumbi wa kijiji. Watu kama 40, wengi wamepita miaka 60, na wote walikuja kucheza. Ndipo nilipoanza kupiga picha za miguu. Kwanza niliona haya kumpiga mtu picha ya uso bila kumwomba. Pili, mambo yote yalikuwa chini. Wanasimama jozi nne, mraba, na katika mitindo yao ya huku kuna mmoja unaoitwa Caledonian, na wanaume wazee wenye tumbo wanagonga sakafu ya mbao kwa kisigino na kidole mpaka ubao unajibu kama ngoma ya pili. Bendi ikipiga vipande vya sita wanazunguka. Ikipiga vya nne, vya mbio, wanagonga.

Muundo wenyewe ni rahisi kuuona ukishaambiwa. Kila kipande kina sehemu mbili fupi, ya kwanza inarudiwa, ya pili inarudiwa, ndiyo raundi moja. Wanapiga raundi mbili au tatu, kisha wanaruka kwenye kipande kingine bila kusimama. Nani anaamua? Mwenzangu alinyanyua nyusi, basi, wote wanne wakageuka pamoja. Wote wanashika sauti ileile moja, kila mtu anaipamba kidogo kwa namna yake. Ni busuki tu inayotembea chini yao. Na busuki yenyewe ni mgeni. Imetoka Ugiriki, ikaingizwa na Johnny Moynihan miaka ya 1960, na leo kuna vijana watakaokugombeza ukisema si ya huku.

Mzee aliyekuwa akikata tikiti mlangoni, tikiti za karatasi nyekundu, alinikalisha karibu naye. Alinieleza kwamba zamani dansi zilikuwa jikoni kwa watu na kwenye njia panda, mpaka ikaja sheria ya mwaka 1935 iliyotaka kila dansi ya hadhara iwe na leseni. Mapadri na polisi wakaitumia kufukuza watu mpaka majumbani, na dansi zikahamia kumbi za parokia, ndiko bendi kubwa za dansi zikastawi. Ya karibu na hapo, ya Kilfenora, ipo tangu 1909. Nikamwambia kwetu bendi ya taarab ya Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na ngoma ya mtaani bado tunaiombea kibali. Alifurahi kuhusu kibali. Kuhusu 1905 hakufurahi sana.

Bakuli lilitoa euro 186. Gawia watu wanne, toa mafuta.

Jumapili: Burren, pancha, Doolin

Burren ni nchi ya mawe. Fikirieni maweni kwetu upande wa mashariki, lile jiwe la matumbawe lenye vishimo, kisha mlipake rangi ya majivu na kulitandaza vilima vizima. Barabara ni nyembamba, kuta za mawe zisizo na saruji zimebana kushoto na kulia. Tukapishana na basi la watalii, mpiga busuki akasogea, jiwe likapasua tairi ubavuni. Spea ilikuwepo, lakini haina upepo.

Tulikaa nusu saa. Akaja mkulima na trekta, akatazama, akaondoka bila neno. Tukadhani ndiyo basi. Akarudi na pampu ya umeme nyuma ya trekta, akajaza spea, akafunga nati mwenyewe kwa sababu hakupenda mpiga filimbi anavyoshika spana. Pesa akakataa. Akasema tumpigie kimoja.

Basi wakatoa vyombo pale pale getini, wakapiga kipande ambacho huwa wanakifungulia onyesho, wanakipenda, wamekirekodi. Mkulima alisikiliza mikono mfukoni. Walipomaliza akasema sehemu ya kwanza nzuri, ya pili mmekosea. Akapiga mbinja jinsi babu yake alivyokuwa akiipiga. Tofauti ni noti tatu, nne hivi. Mwenzangu akamwomba arudie, akaishika kwenye fidla, akarudia naye mara mbili. Ndani ya gari walibishana hadi Doolin kama waibadilishe au la, mpiga filimbi akidai kuwa imesharekodiwa. Usiku ule waliipiga ya mkulima.

Doolin ni kijiji cha baa chache na basi za watalii. Sifa yake imetokana na ndugu watatu wa ukoo wa Russell, na anayetajwa zaidi ni Micho, aliyekuwa akipiga filimbi ya bati na aliyefariki 1994. Watu walianza kuja kutoka pande za dunia kumsikiliza, wakaendelea kuja hata alipoondoka. Leo vibao vya nje vinasema "Celtic". Neno hilo ndani ya wiki nzima sikulisikia kwa mpigaji hata mmoja. Wao husema "trad", au "the music" basi, yaani muziki, kana kwamba hakuna mwingine. "Celtic" ni neno la mabango na la matamasha makubwa, kama lile la Lorient, Ufaransa, linalowakusanya tangu 1971 watu wa Ireland, Scotland, Wales, Bretagne na Galicia. Mpiga bodhrán wetu alisema neno lenyewe halimdhuru, bora tu lilete watu watakaonunua CD.

Baa kwa sisi tusiokunywa: msiogope. Agiza chai, inaletwa birika zima na maziwa, euro 3 na nusu, na hakuna anayekukodolea macho. Chakula ndicho cha kuangalia. Ile supu nzito ya samaki na kome inayosifiwa kila mahali mara nyingi hutiwa vipande vya nyama ya nguruwe, na kwenye menyu haiandikwi kila mara. Uliza. Mkate wa kahawia unaopikwa kwa magadi badala ya hamira ni salama na ni mtamu, hasa wa siku hiyo hiyo. Jua Julai linazama saa nne na kitu usiku, kwa hiyo Magharibi inakukuta katikati ya muziki; mwenye baa alinifungulia stoo ya viti bila kuuliza maswali mengi.

Wapigaji wakikaa mezani kuzunguka, hiyo si bendi. Hata bendi yetu ilivunjika, mmoja huku, wawili kule, wakachanganyika na watu wasiowajua. Usikalie kiti kitupu cha meza hiyo, kina mwenyewe. Ukitaka kujiunga, subiri uitwe. Ngoma moja inatosha. Ikiwapo bodhrán tayari, yako iache kwenye mfuko. Na ukitaka kurekodi, omba. Mgeni mmoja alitoa kayamba ya plastiki kutoka kwenye begi. Hakuna aliyemkemea. Walimaliza kipande, wakanyanyua glasi zao, wakapiga soga dakika ishirini mpaka alipoirudisha.

Jumatatu: Miltown Malbay

Hapa ndipo penye shughuli yenyewe. Mji wa barabara moja, na kwa siku tisa kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Julai unajaa wapigaji mpaka huwezi kufungua mlango wa gari. Ni shule ya kiangazi yenye jina la Willie Clancy, mpiga zumari za kiwiko, fundi seremala wa hapa hapa. Alifariki Januari 1973, na Julai ya mwaka huo huo wenzake wakaanza shule. Sanamu yake iko mjini.

Zumari zenyewe, uilleann pipes, zilinimaliza. Uilleann ni kiwiko. Mpigaji hapulizi kwa mdomo. Anakaa, chini ya kiwiko kimoja ana kiriba cha kupuliza upepo, chini ya kingine ana mfuko, vidole viko kwenye bomba la sauti, na kifundo cha mkono kinagonga funguo za bomba za juu ya paja. Nilikaa mbele ya binti mmoja wa miaka kama 16 aliyekuwa amekunja uso anagombana na ulimi wa zumari yake, kijipande cha tete chembamba kama ukucha. Unyevu umeuharibu. Aliukwangua, akaujaribu, ukalia kama bata, akaukwangua tena. Wapiga nzumari wa kwetu wanajua uso ule.

Asubuhi madarasa yako kwenye shule na majumbani. Niliomba kukaa nyuma ya darasa moja la fidla. Hakuna karatasi. Mwalimu anapiga kijipande cha sekunde nne, watoto wanakirudia, anaongeza kingine. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, kwenye chumba cha juu Mji Mkongwe, na mwalimu aliyekuwa akigonga meza kwa pete yake ukikosea.

Mwenzangu akanipa fidla yake ya akiba. Miaka kumi na moja sijashika. Nyuzi mbili nene zilinipokea vizuri. Nilipopanda kwenye mbili nyembamba kila kidole kikaanguka pasipo pake, nikafikiri nimesahau kila kitu, jasho likanitoka mbele ya watoto. Kumbe sikusahau. Mwalimu wangu alinifunza kwa mkao wa Kiarabu, ambapo nyuzi za juu ni G na D, na za huku ni A na E; kila mmoja uko juu kwa hatua nzima. Vidole vyangu vilikuwa sawa kabisa, kwa fidla nyingine.

Ada ya darasa la wiki sikuilipa, nilikuwa mgeni wa saa moja. Wanaotaka kusoma wajiandikishe mapema na waje na chombo chao.

Jumanne

Mvua kutwa. Ngozi ya bodhrán ililegea ikawa inalia kama godoro, na mwenyewe akaikausha kwa draya ya nywele ya shangazi hadi fyuzi ikakatika. Nikamwambia kwetu ngoma tunazitia moto. Akaniangalia, akaangalia jiko la shangazi ambamo unaungua ule udongo mweusi wa kinamasi waliokausha, akaisogeza pale kwa heshima kama anayekausha shati la harusi. Ikakaza.

Jumatano: Spanish Point, na jikoni

Asubuhi nilitembea peke yangu hadi Spanish Point, maili mbili kutoka Miltown. Jina limetokana na merikebu za Wahispania zilizovunjika pwani hii mwaka 1588. Bahari ilikuwa imekupwa. Kwenye miamba kulikuwa na mama mmoja ameinama na ndoo, na mkao wake nikaujua kabla sijajua anafanya nini. Mwani.

Nilipiga simu ya video Paje pale pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi, mbona upepo?"

Nikamgeuzia kamera. Akatazama muda mrefu, kamba gani wanatumia, wanafunga vipi. Nikamwambia hawaufungi, unaota wenyewe kwenye jiwe, na wanakula. Wanaukausha, wanautafuna mkavu kwenye mfuko wa karatasi kama karanga.

"Wanaula? Kwa mdomo wao?"

Mama amelima mwani tangu ulipoingia kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Amepasuka mikono kwa ajili yake, ameuuza kwa kilo kwa bei ya kusikitisha, na kila siku ameambiwa unakwenda nje kutengenezwa kitu cha kugandisha vyakula na dawa ya meno. Niliporudi nyumbani nikamhadithia shangazi. Akafungua kabati, akatoa mwani mkavu mweupe kidogo, mwekundu kidogo, akauloweka, akauchemsha na maziwa, akachuja, akatia sukari na ganda la limau, akaweka kwenye ubaridi. Jioni uliganda kama faluda. Huu, alisema, unaitwa carrageen. Nikatafuta kwenye simu: kile kitu kinachokamuliwa kutoka kwenye mwani wa mama yangu, karajini, jina lake limetokana na mwani huu wa Ireland. Nilikula bakuli mbili. Ladha? Maziwa, na mbali sana, Paje maji yakiwa yamekupwa.

Usiku bendi ilikuwa na onyesho lake la mwisho, chumba cha nyuma cha baa moja Miltown. Lilikwenda vizuri, watu walipiga makofi, na nitaliruka, kwa sababu kilichofuata kilikuwa bora. Saa saba usiku tulirudi kwa shangazi na jirani yake akaja, mzee wa miaka 80 na kitu, na fidla ndani ya mfuko wa plastiki wa duka. Mke wa jirani akaja na konsetina, kinanda kidogo cha kubana na kuvuta kwa mikono miwili. Clare ni nchi ya konsetina, na ni chombo ambacho wanawake wa hapa wamekishika tangu zamani.

Mzee anapiga taratibu. Wote tuliosikia siku nne walikuwa na haraka kuliko yeye. Na kulikuwa na noti moja aliyokuwa akiirudia iliyonifanya ninyanyuke kitini. Si C ya piano, wala si ile nyeusi ya jirani yake, iko katikati. Nilidhani amekosea. Akairudia pale pale, raundi ya pili, na ya tatu. Kwenye maqam ya Rast, moja ya ngazi za sauti za Kiarabu, tunayo sauti ya namna hiyo, na mwalimu wangu alitugonga kwa pete mpaka tukaipata. Nikamwomba mwenzangu aniulizie. Mzee akasema hajui kitu kuhusu noti, ndivyo kipande kinavyokwenda.

Wakanigeukia. Cha kwenu.

Nikashusha nyuzi mbili za juu, A ikawa G, E ikawa D. Jikoni kimya, aaa, kimya cha kweli, moto tu. Nikaanza bashraf, kipande cha taarab cha vyombo tu, niliyoikumbuka nusu. Khana ya kwanza, yaani sehemu ya kwanza, ilitoka. Ya pili ilitoka kwa kuchechemea. Konsetina ilijaribu kunifuata ikakwama penye sauti ya katikati, haina kitufe chake, mwenyewe akaicheka na kuiweka chini. Mzee hakukwama. Kufika marejeo ya tatu alikuwa nyuma yangu, chini chini, vidole vyake vimelala palepale vyangu vilipo. Khana ya tatu niliisahau kabisa. Nikarudi ya kwanza, na wote wakaichukua kuwa ndivyo kipande kinavyokwenda: sehemu mbili, kila moja inarudiwa. Tukakizungusha raundi sita. Sikuwarekebisha.

Nilipokuwa napandisha nyuzi ili nirudishe fidla ya watu kama nilivyoipokea, wa E ukakatika ukanichapa kidevuni.

Alhamisi: kurudi

Tulipitia Ennis kwenye duka la vyombo kununua uzi mwingine, euro 6. Nikasimama mbele ya kaunta, nikasema nipe seti nzima pia. Mwenye duka akauliza fidla ni ya aina gani. Nikamwambia iko Unguja. Hakushangaa, akanichagulia nyuzi ambazo alisema hazihofii joto, euro 32, akanitilia na ulimbo wa kupaka upinde bila kuuhesabu.

Barabara, feri, foleni: hakuna la kusimulia. Jumla yangu ya wiki, viza ikiwemo, haikufika pauni 400, na hiyo ni kwa sababu ya sofa.

Jana nimempigia shemeji. Nikamuuliza fidla. "Ipo," akasema, "juu ya kabati, sijaigusa." Nikasikia kiti kinaburuzwa, kisanduku kinafunguliwa, kisha ukimya.

"Shemeji. Upinde nao ulikuwa na manyoya?"